Historia ya Jina la Komplementi na Funzo la C3 kwa Watunga Istilahi

Utangulizi

Jina la kitu hutolewa siku kitu hicho kinapoonekana kwa mara ya kwanza, na siku hiyo aghalabu mwenye kukipa jina hajakijua vizuri. Jambo hili ni kweli kwa watoto na kwa vijiji. Na ni kweli zaidi kwa mambo ya sayansi, ambayo huonekana sehemu tu kabla ya kuonekana kwa ukamilifu. Mtafsiri anayepokea jina la namna hiyo kutoka lugha ya kigeni hujikuta kwenye njia panda: je, afasiri maana ya jina, au afasiri kitu chenyewe kama kinavyojulikana leo?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya jina moja, yaani jina la kundi la protini za damu ziitwazo komplementi, na hasa protini moja kati yao, C3, pamoja na jeni inayoiunda. Mwandishi alisukumwa kuyaandika na tukio dogo. Miaka kadhaa iliyopita aliletewa rasimu ya tafsiri ya karatasi ya maelezo kwa wagonjwa, apate kuipitia pamoja na wenzake wawili. Humo mgonjwa aliambiwa kuwa ana "upungufu wa pongezi". Mtafsiri, ambaye katika mengine yote alikuwa makini, alikuwa amechanganya maneno mawili ya Kiingereza yanayotamkwa sawasawa na kuhitilafiana kwa herufi moja tu: moja lina maana ya kusifu, na jingine lina maana ya kukamilisha. Tulicheka. Lakini kicheko kilikoma tulipojiuliza: kama si upungufu wa pongezi, basi ni upungufu wa nini? Mmoja alisema "kinga", mwingine "nyongeza", wa tatu "kikamilisho". Hakuna aliyekuwa na hoja ya kumshinda mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyejua jina lenyewe lilitoka wapi.

Majina matatu ya kitu kimoja

Mwaka 1888 mtaalamu aitwaye George Nuttall alionyesha kwamba damu ya wanyama, hata ikiwa imekwisha kutolewa mwilini, huweza kuua bakteria wa kimeta. Muda mfupi baadaye Mjerumani Hans Buchner alionyesha kuwa nguvu hiyo imo katika seramu, yaani yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na kwamba nguvu hiyo hupotea seramu ikipashwa moto hadi kufikia nyuzi 55 za Sentigredi. Buchner aliita nguvu hiyo aleksini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kukinga. Jina la kwanza, basi, lilitaja kazi.

Mwaka 1895 Jules Bordet, Mbelgiji kijana aliyekuwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alifanya jaribio lililobadili mambo. Alichukua seramu ya mnyama aliyekwisha kukingwa dhidi ya vijidudu vya kipindupindu. Seramu hiyo iliviua vijidudu hivyo. Alipoipasha moto, ikaacha kuua. Kisha akaitia kiasi kidogo cha seramu mbichi ya mnyama ambaye hakupata kukingwa kamwe, na nguvu ya kuua ikarudi. Maana ya jaribio hilo ni kwamba katika seramu mna vitu viwili. Cha kwanza hustahimili moto, hupatikana kwa mnyama aliyekingwa tu, na hulenga adui maalumu. Hicho ndicho tukiitacho leo kingamwili. Cha pili huharibiwa na moto, na hupatikana kwa kila mnyama, awe amekingwa au hakukingwa. Hicho cha pili Bordet aliendelea kukiita aleksini, na mwaka 1898 alionyesha kuwa vitu hivyohivyo viwili huhitajika ili kuvunja chembe nyekundu za damu.

Mwaka 1899 Paul Ehrlich na mwenzake Julius Morgenroth, huko Ujerumani, walilitafiti jambo hilo kwa njia yao. Kile kinachoharibiwa na moto walikiita kwanza adimenti, yaani kinachoongezwa. Baadaye wakakiita komplementi, yaani kinachokamilisha. Jina hilo halikuwa la bure. Lilikuwa limebeba nadharia ndani yake. Ehrlich aliiona kingamwili kama kiungo chenye mikono miwili: mkono mmoja humshika adui, na mkono wa pili huishika komplementi na kuivuta kazini. Kwa maoni yake komplementi ni mtumishi. Peke yake haina shabaha. Kazi yake ni kukamilisha kazi iliyoanzwa na kingamwili.

Bordet alilikataa jina hilo kwa sababu aliikataa nadharia yake. Yeye alishikilia kwamba kingamwili humwandaa tu adui, na aleksini humshambulia yenyewe moja kwa moja. Kadhalika walihitilafiana juu ya idadi: Ehrlich alidai kuwa komplementi ni nyingi, na Bordet alidai kuwa aleksini ni moja. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919 kwa kazi zake juu ya kinga ya mwili. Lakini katika suala la jina alishindwa. La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alisaidia kulieneza jina la mpinzani wake. Mwaka 1901 yeye na Octave Gengou waligundua kuwa kingamwili ikikutana na adui wake, kile kitu cha pili hushikwa na kutumiwa hata kikaisha katika seramu. Mwaka 1906 August Wassermann na wenzake walitumia ugunduzi huo kutengeneza kipimo cha kaswende, na kipimo cha namna hiyo kikaenea duniani kwa jina la kipimo cha kushika komplementi. Katika Afrika ya Mashariki watumishi wa idara za mifugo wamelikuta jina hilo katika habari za homa ya mapafu ya ng'ombe, maana kipimo hicho kimetumika kwa muda mrefu kuutambua ugonjwa huo. Jina lilisafiri likiwa ndani ya kazi, na hakuna aliyeliuliza asili yake.

Msomaji na atazame tena mjadala wetu wa siku ile. Aliyesema "kinga" alikuwa amerudia aleksini ya Buchner. Aliyesema "nyongeza" alikuwa amerudia adimenti. Aliyesema "kikamilisho" alikuwa amerudia komplementi ya Ehrlich. Watu watatu wasiojua historia hiyo waliipitia upya yote katika alasiri moja, na walikwama palepale walipokwama wataalamu wenyewe.

Namba ambazo hazifuati zamu

Baada ya jina la kundi yalikuja majina ya wanakundi. Mwaka 1907 Adolfo Ferrata aliitoa chumvi katika seramu, na seramu ikagawanyika sehemu mbili, mashapo na majimaji. Kila moja peke yake ikawa haina nguvu, na zilipochanganywa nguvu ikarudi. Basi komplementi haikuwa kitu kimoja. Mwaka 1912 Ritz alionyesha kuwa sumu ya swila huondoa kitu cha tatu, na mwaka 1914 Coca alipata jambo hilohilo kwa kutumia hamira. Mwaka 1926 Gordon, Whitehead na Wormall walionyesha kuwa amonia huharibu kitu cha nne. Vitu hivyo vikapewa namba, kuanzia 1 hadi 4, pamoja na herufi C na alama ndogo kama mkato juu yake.

Ilipofika miaka ya 1950, hasa katika maabara ya Manfred Mayer huko Marekani, zamu halisi ya kazi ilianza kufahamika: huanza ya 1, hufuata ya 4, kisha ya 2, ndipo ya 3. Namba zilikuwa zimekwisha kuingia vitabuni na hakuna aliyethubutu kuzipanga upya. Mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake kwa nini 4 hutangulia 2 anaweza kuwajibu bila kusitasita: namba hizo zinaonyesha zamu ya kuonekana, wala si zamu ya kufanya kazi.

Namba iliyoleta matata zaidi ni ile ya 3. Mwaka 1960 Hans Müller-Eberhard na wenzake walitoa katika seramu ya binadamu protini moja safi, ambayo ilitambulika kuwa ni sehemu ya kile kitu cha tatu. Lakini kadiri uchunguzi ulivyoendelea ndivyo kitu cha tatu kilivyozidi kugawanyika, hata ikabainika kuwa kilikuwa mkusanyiko wa protini sita, zile tunazoziita leo C3, C5, C6, C7, C8 na C9. Mwaka 1966 Robert Nelson na wenzake walieleza namna ya kuzitenga zote tisa katika seramu ya simbilisi. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilitangaza orodha ya majina yaliyokubaliwa, na ile alama ya juu ikaachwa. Namba 3 ilibakia kwa protini moja tu kati ya zile sita.

Kwa mtafsiri jambo hili lina uzito. Kitu cha tatu cha Coca na C3 ya vitabu vya sasa si kitu kimoja, ingawa jina ni lilelile. Anayefasiri makala ya kabla ya miaka ya 1960 bila kulijua hilo atamfanya mwandishi wa zamani aseme jambo ambalo hakulisema. Kuhusu ule ugomvi wa idadi, kila mmoja alipata fungu lake: protini ni nyingi, kama alivyodai Ehrlich, lakini zote ni mfumo mmoja unaofanya kazi kwa mfululizo, na hapo Bordet hakuwa mbali na ukweli.

Jeni ya C3

Protini ya C3 ina aina mbili ambazo hupatikana zaidi, zilizoelezwa na Chester Alper na mwenzake mwaka 1968. Aina hizo hutofautiana kwa mwendo wake katika uwanja wa umeme: moja huenda upesi, nyingine polepole. Mwaka uliofuata tofauti hiyo ndogo ilitoa jibu kubwa. Mgonjwa aliyepandikizwa ini alionekana kubadilika aina ya C3, akawa na aina ya mtu aliyetoa ini. Hivyo ilithibitika kwamba C3 ya damuni hutengenezwa hasa katika ini. Mwaka 1982 jeni yake ilitambulika kuwa ipo katika kromosomu ya 19, na mwaka 1985 de Bruijn na Fey walichapisha mfululizo wote wa protini hiyo kama unavyosomeka katika maagizo ya jeni: asidi amino 1,663.

Katika hizo, 22 za mwanzo ni kama anwani juu ya bahasha; huielekeza protini njia ya kutokea katika seli, kisha hukatwa. Zinazofuata, 645, hufanya mnyororo uitwao beta. Nne hukatwa na kutupwa. Zilizosalia, 992, hufanya mnyororo uitwao alfa. Msomaji atashangaa kuona beta ikitangulia alfa. Sababu ni ileile tuliyoikuta katika namba. Herufi hizo zilitolewa wakati minyororo hiyo ilipotenganishwa kwa ukubwa, na ule mkubwa ukapewa herufi ya kwanza. Jeni ilisomwa baadaye, ikaonekana kuwa mpangilio wake ni kinyume.

Kuna jambo jingine linalowahusu waandishi wa nyaraka. Jeni na protini hapa zina alama moja, C3. Kwa kawaida ya kimataifa alama ya jeni huandikwa kwa herufi za mlazo na ya protini kwa herufi zilizosimama. Katika nyaraka za ofisini tofauti hiyo hupotea kwa urahisi. Dawa yake ni nyepesi: kuandika kila mara "jeni ya C3" au "protini ya C3", wala kutoiacha alama peke yake. Kusema kwamba mtu "ana C3 ndogo" bila kueleza ni ipi kati ya hizo mbili ni kumwacha msomaji gizani.

Neno "jeni" lenyewe linastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu historia yake ni kinyume cha historia ya komplementi. Wilhelm Johannsen wa Denmark alipolitoa mwaka 1909, alisema waziwazi kwamba alitaka neno fupi lisilofungamana na nadharia yoyote. Hakujua jeni imeundwa kwa kitu gani, na hakujifanya kujua. Kwa hiyo neno lake halikuhitaji kubadilishwa elimu ilipobadilika, na limeingia katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, bila kumpotosha mtu. Ehrlich aliweka nadharia ndani ya jina. Johannsen aliiacha nje. Watunga istilahi wana mengi ya kujifunza katika tofauti hiyo.

Kazi ambazo jina halikuzitabiri

Katika seramu ya mtu mzima mwenye afya mna zaidi kidogo ya gramu 1 ya C3 kwa kila lita, kiasi kinachozidi kile cha protini nyingine zote za mfumo huu. Ndani ya mwili wake protini hii imeficha kiungo cha kikemia kilichokazwa kama mtego. Kimeng'enya maalumu kikiikata, hupatikana vipande viwili: C3a, kipande kidogo chenye asidi amino 77, na C3b, kipande kikubwa. Papo hapo mtego hufyatuka, na C3b hujishikiza juu ya kitu chochote kilicho karibu. Isipopata pa kushika katika muda mfupi mno, mdogo sana kuliko sekunde moja, nguvu hiyo hupotea. Seli za mwili zina protini za kuizima C3b inayozitua. Vijidudu vingi havina.

C3b iliyokwisha kushika ina kazi tatu. Kwanza, inakuwa alama kwa chembe nyeupe za damu, zipate kumtambua na kummeza aliyetiwa alama. Kazi hii ilipewa jina mwaka 1903 na Almroth Wright na Stewart Douglas huko London, ambao walikiita opsonini kitu chochote cha seramu kinachomfanya kijidudu aliwe upesi. Walilitoa jina hilo katika neno la Kiyunani lililotumika kwa chakula kinacholiwa pamoja na mkate ili mkate ushuke. Kiingereza hakina neno moja la kulieleza jambo hilo. Kiswahili kinalo, nalo ni kitoweo. Mwalimu anayesema kuwa C3b ni kitoweo anachopakwa kijidudu ili chembe nyeupe zimle kwa hamu atakuwa ameifikia maana ya asili kwa karibu kuliko kitabu alichokifasiri.

Pili, C3b ikiungana na protini nyingine hufanya kimeng'enya kinachokata C3 zaidi, hata C3b chache zikazaa nyingi kwa dakika chache. Tatu, hufungua njia kwa C5 hadi C9, ambazo mwishowe hutoboa ngozi ya kijidudu. Ama kile kipande kidogo, C3a, huziamsha seli za karibu, na mahali hapo hupata uvimbe na joto.

Je, kazi hizo zote huisubiri kingamwili, kama jina linavyodai? La hasha. Mwaka 1954 Louis Pillemer, huko Cleveland nchini Marekani, alitangaza kwamba seramu inaweza kuitumia C3 kumshambulia adui bila ya msaada wa kingamwili, kwa njia ya protini aliyoiita properdini. Wenzake walimpinga vikali. Walisema kwamba huenda ni kingamwili chache tu alizoshindwa kuziona. Pillemer alifariki mwaka 1957 kabla ya shauri kukatwa. Kuanzia mwaka 1970 ushahidi ulimwelemea upande wake. Simbilisi waliozaliwa bila C4, ambao njia ya zamani kwao ilikuwa imefungwa, walionekana bado wanaweza kuitumia C3. Njia hiyo ikakubaliwa, ikaitwa njia mbadala.

Jina hilo nalo limepinduka. Protini za jamaa ya C3 zimepatikana kwa wanyama wa baharini wenye miiba mwili mzima, ambao hawana kingamwili kabisa. Maana yake ni kwamba C3 ilikuwa ikifanya kazi mamilioni ya miaka kabla ya kingamwili ya kwanza kutokea duniani. Ile iitwayo mbadala ndiyo ya kale; ile iliyopewa heshima ya kuitwa njia ya asili ni ya baadaye. Iliitwa hivyo kwa kuwa ndiyo iliyoonwa kwanza na Bordet.

Tena si hayo tu. Mwaka 1974 Mark Pepys alionyesha kuwa panya walioondolewa C3 kwa kutumia sumu ya swila hutoa kingamwili kidogo. Mwaka 1996 watafiti wengine walionyesha kuwa kipande cha C3 kiitwacho C3d, kikiungwa na kitu kigeni, hupunguza mara 1,000 hadi 10,000 kiasi cha kitu hicho kinachohitajika ili mwili utengeneze kingamwili. Basi nani anamkamilisha nani? Aliyeitwa mtumishi ameonekana akimsaidia bwana wake kuzaliwa.

Na ile sumu ya swila iliyotumika tangu mwaka 1912 imetoa kioja chake. Kitu kilichomo ndani yake kinachoimaliza C3 kimeonekana kuwa ni protini ya ukoo wa C3 wenyewe, itokanayo na jeni iliyozaliwa kwa kunakiliwa jeni ya C3 ya nyoka. Wataalamu walikuwa wakiitafuta C3 kwa kumtumia ndugu yake, wala hawakujua.

Kosa la jina na mtu mgonjwa

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yanafika nje ya maabara. Yanafika. Mtoto aliyepata maambukizi ya koo au ya ngozi yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoki anaweza kupata ugonjwa wa figo wiki chache baadaye. Kiwango cha protini ya C3 katika damu yake hushuka, na aghalabu hurudi kama kilivyokuwa baada ya wiki nane hivi. Mtu mwingine amezaliwa na kasoro katika jeni ya C3, na tangu utotoni huandamwa na maambukizi mazito ya bakteria. Karatasi ikisema "upungufu wa C3" kwa wote wawili, mzazi wa mtoto wa kwanza ataamini kuwa mwanawe ana kasoro ya urithi. Inafaa kusema "kushuka kwa kiwango cha protini ya C3" kwa yule wa kwanza, na "upungufu wa kuzaliwa wa C3" kwa yule wa pili.

Siku hizi pia zipo dawa zinazouzuia mfumo huu makusudi, kwa magonjwa ambayo komplementi huugeukia mwili wenyewe. Dawa iitwayo pegcetacoplan, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021, huishika C3 yenyewe. Anayeitumia huhitaji kuchanjwa dhidi ya bakteria fulani, wakiwamo wale wa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu mlango mmoja wa ulinzi wake umefungwa. Mgonjwa akiandikiwa kwamba dawa "huzuia nyongeza", hataona sababu ya kuchanjwa. Akiandikiwa kwamba "huzuia kinga", anaweza kuikimbia dawa, au kudhani kuwa chanjo nayo haina faida tena.

Wala jambo hili si la nchi za mbali. Chembe nyekundu za damu zina protini inayoidaka C3b, na vimelea vya malaria huihusisha protini hiyo katika maisha yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya watoto wa Kenya ulionyesha kuwa aina mbili za jeni ya protini hiyo zinahusiana na malaria ya ubongo kwa namna mbili zinazopingana: moja pamoja na hatari ndogo zaidi, nyingine pamoja na hatari kubwa zaidi. Wazazi wanaoombwa ridhaa katika tafiti za namna hii wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Wana haki ya kuelezwa kwa maneno wanayoweza kuyauliza maswali.

Istilahi ipi ifaayo?

Baada ya historia hiyo tunaweza kuyapima yale maneno. "Kinga" halifai, kwa kuwa limekwisha kubeba mfumo mzima, na komplementi ni sehemu yake tu. "Nyongeza" ni jina ambalo Ehrlich mwenyewe aliliacha. "Kijalizo" limo katika sarufi kwa kazi nyingine, na mwanafunzi hukutana na masomo yote mawili katika siku moja. "Kikamilisho" ndilo lenye nguvu kuliko mengine: limeundwa kwa mzizi unaojulikana na linafuata kwa uaminifu neno la kigeni. Lakini hapo ndipo penye hatari. Linafuata kwa uaminifu kosa. Litamfundisha mwanafunzi kwamba C3 ipo ili kukamilisha kazi ya kingamwili, nasi tumeona kuwa C3 ilitangulia, na kwamba huweza kufanya kazi peke yake.

Kwa hiyo maoni ya mwandishi ni kwamba neno "komplementi" litoholewe, na kundi zima liitwe "mfumo wa komplementi". Kuna pingamizi la haki juu ya rai hii. Desturi yetu njema ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na katika lugha za Kibantu kabla ya kukopa, na neno la mkopo halimwambii mwanafunzi lolote. Jibu ni kuwa neno lisilosema lolote linaweza kufafanuliwa, lakini neno linalosema lisilo kweli hupaswa kwanza kukanushwa. Jeni ni ushahidi. Basi neno litokeapo mara ya kwanza katika kitabu au karatasi lifuatiwe na maelezo mafupi, mathalani: "komplementi, yaani kundi la protini za damu zinazoamshana kwa mfululizo ili kuutetea mwili". Baada ya hapo Kiswahili kibebe kilichobaki: vipande, mnyororo, kukata, kuamsha, kutia alama, kutoboa. Maneno hayo yote tunayo na hayana kasoro.

Kwa upande wa alama, zisifasiriwe wala zisipangwe upya. Mtafsiri atazame tu mwaka wa kitabu chake. Kwa kawaida herufi a ni ya kipande kidogo na b ni ya kipande kikubwa, kama katika C3. Lakini kwa miaka mingi C2 iliandikwa kinyume cha hivyo, mpaka mwaka 2019 wataalamu walipopendekeza nayo ifuate kanuni. Kwa sababu hiyo C2a ya kitabu kimoja yaweza kuwa C2b ya kitabu kingine, na wote wawili wasiwe wamekosea.

Tamati

Ile karatasi iliyotukutanisha ilirudishwa kwa wenyewe ikiwa na maneno haya: "Una upungufu wa komplementi. Komplementi ni protini za damu zinazosaidia mwili kuua vijidudu. Kwa sababu yako hazitoshi, ukipata homa nenda hospitali siku hiyohiyo." Sentensi ya kwanza ina neno moja geni. Sentensi mbili zinazofuata zinalilipia gharama. Kama kuna msomaji mwenye neno bora, lenye asili ya lugha zetu na lisilobeba nadharia ya mwaka 1899, na alilete kurasani tulipime. Mlango wa mjadala haujafungwa.